Gurudumu la Boga Lililopanda Ndege

Benchi letu lilikuwa ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya mawe mawili kando ya barabara kuu ya Msambweni, mkabala na cherehani yangu. Kila alasiri Mwinga, mtu wa Kinango, aliweka hapo jiko lake na dele lake la kahawa, nasi tukaja kunywa na kuitawala dunia. Watawala tulikuwa wanne. Abdurahman alikuwa karani kule Matuga miaka kumi na mmoja, akarudi na miwani na mhuri wa mpira usiotoa wino, basi jina lake likawa Mhuri. Ndiye aliyewasomea barua wasiojua kusoma. Sefu alikuwa fundi wa baiskeli, tukamwita Pancha. Chome alipigana vita vya Burma, na hakuna jambo la dunia hii ambalo hakuliona kule kwanza, basi yeye ni Chome Bama. Mimi nilishona nguo, wakaniita Sindano. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka wa hamsini na saba, masika yalipoikata barabara ya Lunga Lunga, na mimi nilikuwamo, kwa hiyo nikiwacheka wenzangu mjue najicheka na mimi.

Jumanne hiyo lori la kutoka Likoni lilisimama mbele yetu, akashuka Boga, mwana wa Mwanatumu. Tulikuwa hatujamwona kwa miaka sita, tangu alipoifuata sarakasi ya Wahindi iliyopita Mombasa, akaenda nayo Unguja na Tanga na Dar es Salaam. Mamake alikuwa mwezi wa tatu kitandani kwa maradhi ya kifua. Sisi ndio tuliompelekea mwanawe simu ya maandishi, na maneno yake aliyatunga Mhuri.

— Assalam aleikum, wazee.

— Waaleikum salaam! Boga! Umepita wapi na barabara ya Tanga yote ni maji?

— Nimekuja kwa ndege. Toka Dar mpaka Mombasa. Tajiri wa sarakasi alinikatia tikiti. Mama yu hali gani?

— Yu hai, anakungoja.

— Ndege? akauliza Pancha. Ndege hii ya kuruka?

— Hii hii.

Boga akashusha mzigo kutoka kwenye lori, akauegemeza kwenye benchi. Lilikuwa gurudumu moja, tairi lake limelala bapa kama ulimi wa mbwa. Juu ya gurudumu uma, na juu ya uma kiti. Pedali zilikuwa mbili, moja kila upande, na mkono wa pedali ya kulia ulikuwa umepinda. Karatasi ndogo ilining'inia kwa kamba.

— Hii waliichukua mlangoni wakaitia tumboni mwa ndege pamoja na masanduku, akasema Boga. Imetoka imepinda hapa. Sefu, ndugu yangu, ninyooshee huu mkono wa pedali. Ijumaa baada ya sala nitaifuata. Nataka mama anione nikiiendesha.

— Huo mkono tu? Pancha akauliza, macho yakipanda na kushuka.

— Huo tu. Niwieni radhi, naenda kumwona mama.

Akajitwika sanduku lake akaondoka mbio. Hajafika msikitini, Pancha keshaliinua lile gurudumu, analigeuza kama daktari anayegeuza mgonjwa asiye na pesa.

— Maskini, akasema. Mtoto wa watu amechanganyikiwa na maradhi ya mamake, hata hajui kama ameibiwa.

— Kaibiwa nini? nikauliza.

— Sindano, wewe una macho ya kutungia uzi tu? Hesabu magurudumu!

Nikahesabu. Haikunichukua muda.

— Na usukani je? Mnyororo je? Fremu je? Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nimeona baiskeli isiyo na breki, nimeona baiskeli isiyo na kengele, nimeona ya yule jamaa wa Galu isiyo na aibu. Baiskeli isiyo na nusu yake ya mbele sijaiona.

Mwinga, ambaye kwa kawaida hakusema, akasema:

— Kwani yeye mwenyewe ameliulizia la pili?

— Mwinga, wewe mimina kahawa.

Akamimina.

Mhuri alikuwa ameishika ile karatasi. Ilikuwa ya Kizungu. Akavaa miwani, akaisogeza, akaisogeza tena, sote tukangoja.

— Imeandikwa hivi, akasema. "Baiskeli. Kipande kimoja."

— Kipande!

— Kipande kimoja. Kwa mkono wa karani wao, na mhuri juu yake. Wamekiri wenyewe. Walipokea baiskeli, wakatoa kipande.

— Lo! akasema Chome Bama. Sisi tulivishwa vipande shingoni kama mbuzi, leo na baiskeli nayo imepewa kipande chake!

Tulicheka, lakini si sana. Wakati ule watu wa bara walikuwa bado wanasimamishwa njiani na kuulizwa kipande, ile karatasi ya serikali ya kujitambulisha, na kicheko cha neno hilo kilikuwa na mfupa ndani.

— Sasa hiyo nusu ya pili iko wapi? nikauliza.

— Baharini, akasema Chome. Mimi ndege nazijua. Kule Burma zilipita juu yangu kila siku.

— Juu yako, Chome. Uliziona matumbo.

— Na mizigo inakaa wapi? Si tumboni? Basi mimi ndiye niliyeona panapohusika! Ndege ikizidiwa na uzito, rubani anavuta kamba, tumbo linafunguka, linamwaga. Nimeona magunia ya mchele yakianguka kwa macho yangu. Gurudumu la mbele la Boga liko chini ya maji, baina ya Pemba na Vanga. Waswahili walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na hiyo ngama ya ndege, yaani tumbo lake la mizigo, ndugu zangu, haina sakafu.

— Na upepo je? akauliza Pancha, akilibonyeza tairi. Tairi halina hata tundu. Nimeangalia. Upepo umekwenda wapi?

Hapo Chome akatulia, akanywa kahawa yake yote. Mtu akifanya hivyo kijiweni mjue amepata jambo.

— Ndege inaruka kwa nini?

— Kwa mashine.

— Mashine inazungusha zile panga. Lakini inaelea kwa nini? Kwa upepo! Na kule juu upepo ni haba, ndiyo maana wazungu hawajengi huko. Basi rubani akipungukiwa, ananyonya matairi ya abiria. Haba na haba hujaza kibaba.

— Chome, ndege ile yote kwa upepo wa tairi moja?

— Ndiyo maana wakachukua na la pili!

Hoja hiyo ilikuwa ngumu kuijibu.

Mhuri hakuridhika. Mtu aliyekaa ofisini hapendi jambo lenye maelezo ya bahari na upepo. Anataka awepo mtu aliyetoa amri.

— Nyinyi mnaona chuma tu, akasema. Kijana anatoka Tanganyika. Kule watu wanahutubiana viwanjani, wanadai nchi yao. Serikali ya huku inajua. Mtu akiwa na magurudumu mawili anakwenda mkutanoni na anarudi kuwasimulia wenzake. Akiwa na moja?

— Anakwenda tu, nikasema.

— Umefahamu. Wamemwachia la kwendea, wamechukua la kurudia.

— Subhanallah!

— Dua la kuku halimpati mwewe, akaongeza Chome, na sote tukaitikia kwa vichwa kwa kuwa mwewe naye anaruka.

Nami, nisije nikaonekana sina langu, nikasema ndege ni kama fundi wa nguo. Unampelekea yadi tano, anakurudishia suruali moja na kukuapia kitambaa kimeisha. Nilidhani nimesema maneno ya maana mpaka nilipoona wote watatu wanatazama suruali zao, ambazo nilizishona mimi.

Mkono wa pedali hatukuuzungumza.

Jumatano Mhuri alileta karatasi na kalamu, akawaandikia wenye ndege. Ilikuwa barua nzuri. Ilianza na "Kwa heshima na taadhima", ikataja usukani mmoja, gurudumu moja la mbele, fremu moja, mnyororo mmoja, breki mbili na kengele. Kengele ilitaka kuleta vita.

— Unajuaje kama ilikuwa na kengele? akauliza Pancha.

— Barua zake kwa mamake alizisoma nani? Ni mimi. Miaka sita anaandika habari za baiskeli. Mtu hawezi kuandika miaka sita juu ya baiskeli isiyo na kengele.

— Andika na taa basi, akasema Chome. Tukipewa nusu tutapata taa.

Akaandika taa. Kisha akauchovya ule mhuri wake kwenye kahawa, akapiga. Ulitoa duara la rangi ya udongo ambalo kwa mbali lilikuwa na mamlaka fulani.

— Majibu yatakuja lini? nikauliza.

— Kwa taratibu za ofisi, miezi mitatu. Mitano.

Sote tulikuwa tumepita nyumbani kwa Mwanatumu asubuhi hiyo kumjulia hali. Alizungumza maneno mawili, akapumzika, akazungumza mawili mengine. Miezi mitano hakuwa nayo. Boga alikuwa amekaa miguuni pake akimpepea, na alipotuona alishukuru sana kwa ile simu tuliyompelekea.

— Mama wa watu ataondoka hajamwona mwanawe juu ya baiskeli, akasema Pancha, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kijana ataona haya kukalia kile kigae mbele za watu. Hakutaka kutusumbua tu, ndiyo maana akasema mkono wa pedali. Kidole kimoja hakivunji chawa, jamani. Nina gurudumu la mbele kule bandani. Nina usukani.

— Una kengele? akauliza Mhuri.

— Ninayo.

Hapo ndipo tulipokosea, na kwa kuwa lilikuwa kosa la huruma hatukuliona.

Alhamisi sikushona. Niliyashika mabomba mawili ya fremu kuukuu, Pancha akautoboa uma wa Boga kwa keekee, matundu manne, chuma kikilia kama paka anayekanyagwa. Mhuri alisimamia. Chome alitusimulia namna walivyojenga daraja kule Burma kwa masaa sita, akakalia spana tuliyoitafuta. Mpaka alasiri gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa kwa bolti nne na waya, usukani juu yake, kengele juu ya usukani. Mimi nikakishonea kiti nguo mpya ya kaki. Tairi likatiwa upepo. Tukarudi nyuma tukaitazama kazi yetu, na naapa, tulikuwa na furaha ya kweli. Miaka mingi tulikaa kwenye ubao ule bila kufanya kitu.

— Nani aijaribu?

— Mimi, akasema Chome. Mwenye ujuzi wa vita.

Akapanda. Tukamsukuma. Ikaenda, lakini ilikwenda kwa kuchechemea, goti la kulia la Chome likipanda juu kuliko la kushoto, kama mtu anayepanda ngazi upande mmoja.

— Inachechemea! akapiga kelele.

— Ni uchovu wa safari! akajibu Pancha. Itazoea!

— Pedali hazisimami! Nazisimamisha hazisimami! Breki iko wapi?

Ukweli ni kwamba breki hatukuifunga. Na zile pedali zilishikana na gurudumu lenyewe. Likizunguka na zenyewe zinazunguka, utake usitake. Pale barabara inateremka kidogo. Chome alipita mbele ya duka, akipiga kengele na kuita jina la Mola, akaingia kwenye rundo la makuti ya mtu, akapotea humo mpaka kiunoni. Tulipomvuta akasema kule Burma hawakuwa na makuti.

— Mnaona namna walivyoiharibu kule kwenye ndege? akasema Pancha.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Boga akaja na dadake Mbeyu. Mbeyu alikuwa anatangulia, karibu na kukimbia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Kaka, fanya haraka. Wazee, mama leo ameamka na nguvu. Amekunywa uji, ameketi mwenyewe. Amesema Boga aje amwonyeshe sasa hivi.

Tulikuwa tumeifunika kwa shuka. Pancha akaivuta shuka kama mtu anayemfunua bibi harusi.

Boga alitazama. Akaizunguka mara moja. Akachutama, akakitia kidole chake kwenye tundu la bolti, akakitoa, kikatoka na unga wa chuma. Uso wake ulikuwa umekosa damu. Nilidhani analia kwa shukrani, na Mungu anisamehe, nilianza kutabasamu.

— Sefu. Hii ni nini?

— Nusu yako ya mbele. Usinishukuru, ndugu yangu. Tumeshirikiana sote.

— Nani aliwaambia ilikuwa na nusu ya mbele?

Pancha akamtazama Mhuri. Mhuri akamtazama Chome. Chome akatazama juu, zinakopita ndege. Mimi nikatazama kile kiti nilichokishonea nguo. Niliwahi kuyasikia maswali magumu pale kijiweni, ya nani alitangulia, yai au kuku, ya bahari inaishia wapi, na kila moja lilipata majibu manne. Hili halikupata hata moja.

— Mimi nilikuwa nimeuliza, akasema Mwinga polepole. Nikaambiwa nimimine.

— Leteni spana, akasema Boga.

Akaketi chini mchangani akaanza kufungua bolti, na huku anafungua akazungumza, bila kutuinulia macho.

— Hivi ndivyo ilivyo. Ina gurudumu moja. Wanasarakasi wanazo kama hizi, ndiyo kazi niliyojifunza. Nilianza kwa kumwagia ngamia maji. Sasa napanda hii mbele ya watu mia tano na nachezesha mipira mitano mikononi. Hata karani wa uwanja wa ndege kule Dar aliniuliza: nyingine iko wapi? Lakini yeye aliniuliza. Nikamwambia hii ndiyo yote. Akafungua kitabu chake. Baiskeli imo, kigari cha mtoto kimo, hata mbwa yumo na nauli yake. Hii haimo. Akamwita mkubwa wake, Mzungu. Mkubwa akasema, kama ni chombo cha kupanda basi nipande. Nikapanda pale pale, sakafu inang'aa kama sahani, nikaizunguka mizani yao mara tatu. Abiria wakapiga makofi. Yule Mzungu akaniuliza ni Mzungu gani aliyenifundisha. Nikamwambia nimefundishwa na sakafu.

— Na upepo? akauliza Chome, kwa unyonge.

— Waliniambia niutoe mwenyewe. Wanasema kule juu tairi hupasuka. Nikautoa kwa mkono wangu.

— Na karatasi? akauliza Mhuri. Karatasi inasema kipande kimoja.

— Mzigo mmoja, mzee Abdurahman. Wao wakisema kipande, ni mzigo. Sanduku langu pia liliandikwa kipande kimoja, na nguo zangu zote zimefika.

Mhuri akaivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Ile barua yake ya wenye ndege ilikuwa imeondoka na lori la asubuhi, na taa ndani yake.

Nusu ya mbele ikaanguka mchangani. Kengele ikalia mara moja. Boga akalisimamisha gurudumu lake, akatazama yale matundu manne kwenye uma, akayapitishia kidole gumba. Kisha akazizungusha pedali. Ya kushoto ikaenda vizuri. Ya kulia ikaenda upogo.

— Sefu, akasema taratibu. Na mkono wa pedali?

Pancha alilichukua gurudumu, akaubana ule mkono, akauchomekea bomba na kuuvuta. Ukanyooka. Kahawa aliyonimiminia Mwinga ilikuwa bado inatoa moshi.

Mbeyu alitutazama sote wanne. Ni mtoto mwenye adabu, na afadhali angetutukana.

Boga akapanda. Akayumba mara mbili, akakamata mwili wake, akaondoka. Siwezi kuwaeleza vizuri. Mtu ameketi juu ya hewa, mikono imetandazwa, mgongo umenyooka, na chini yake kitu kimoja tu kinachozunguka. Wauza samaki walisimama. Tukamfuata mbio, Pancha na pampu yake mkononi, mpaka nyumbani kwao.

Mwanatumu alikuwa ameketishwa kwenye kitanda chini ya upenu, mito nyuma yake. Boga akaingia uani akazunguka kinu. Akasimama papo hapo juu ya gurudumu, akicheza mbele na nyuma. Akarudi kinyumenyume. Mbeyu akamrushia ndimu tatu, akazidaka, akazirusha, zikawa zinazunguka juu yake na yeye anazunguka chini yake. Mamake alijifunika mdomo kwa leso. Alicheka mpaka akakohoa, Mbeyu akamshika, akaendelea kucheka baina ya kikohozi na kikohozi.

Boga akaruka chini, akaja akapiga magoti mbele ya kitanda.

— Mwanangu, gurudumu jingine liko wapi?

— Halikuwapo tangu hapo, mama. Ndivyo ilivyo.

— Ah.

Akaikubali papo hapo. Sisi ilituchukua siku tatu na keekee.

— Basi mbona hukuniambia? akasema. Miaka sita naambiwa mwanangu anaendesha baiskeli. Nikawa najiuliza usiku, ni lazima aende mpaka Dar es Salaam kupanda baiskeli? Kwani hapa kwa Sefu hakuna? Nilikuona mpumbavu, baba. Nisamehe.

— Nilikuandikia, mama. Kila barua. Gurudumu moja, gurudumu moja. Nilikuchorea hata picha.

Hakuna aliyemtazama Mhuri kwa kusudi, lakini sote tulijikuta tumemtazama.

— Ilikuwa imeandikwa gurudumu moja, akasema Mhuri. Kweli. Nilidhani kalamu imeteleza. Mtu hawezi kuendesha gurudumu moja. Nikainyoosha, bibi, na ile picha nikakwambia hakuimaliza. Kwa nia njema. Ofisini ndivyo tulivyokuwa tukifanya, tukiona neno limepinda, tunalinyoosha.

Mwanatumu alikaa akipumua. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa akirudi nyuma, nafikiri, barua baada ya barua.

— Abdurahman, akasema. Pale palipokuwa na "mimi ni mzima, sina shida yoyote, usiwe na wasiwasi", hayo aliyaandika mwanangu, au uliyanyoosha wewe?

Kuku walikuwa wakiparura nyuma ya kinu. Boga alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza niliona namna bega lake la kushoto lilivyokaa chini kidogo kuliko la kulia, kama bega lililovunjika na kuungwa na mtu mwenye haraka.

— Mbeyu, akasema mamake. Lete barua.

Mbeyu akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Boga akanyoosha mkono.

— Nitakusomea mimi, mama. Ni zangu.

— La. Aliyenisomea ni yeye.

Mhuri akaketi kwenye mkeka kama mtu mzito kuliko alivyo. Akavaa miwani. Akaitoa ya kwanza, akaikunjua juu ya goti. Pancha, Chome na mimi tulibaki tumesimama uani. Hakuna aliyetukaribisha kuketi, na hakuna aliyetufukuza.

— "Kwa mama yangu mpenzi," akasoma. "Salaam nyingi. Nimepata kazi kwenye sarakasi. Tunalala chini ya magari, na chakula..."

Akamtazama Boga, Boga akatazama chini. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali.

— Soma lililoandikwa, akasema Mwanatumu.